Muwa Ulioingia Mwezini

Tarehe thelathini Novemba, kabla jua halijachomoza, Shevanta alichovya ncha ya kidole katika unga mwekundu wa kupaka kipajini, akaweka nukta moja kwenye kalenda ya duka la mbegu. Kalenda ilining'inia kwenye ukuta wa majani makavu ya miwa, na kila alipoigusa kibanda kizima kilichakarisha. Nje, wifi yake Kusum alikuwa akinawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, kwa sababu maji ya kambi yalitoka kwenye mfereji wa shamba na mfereji ulifunguliwa mara mbili tu kwa wiki.

"Ulisema thelathini na imekuja thelathini," Kusum alisema. "Ungekuwa dereva wa basi, wifi, watu wasingechelewa mazishi."

Akaingia, akachana kipande cha sari kuukuu, akakikunja mara nne, akageuka ukutani kujiweka sawa. Kisha wakala mkate wa mtama na pilipili ya kutwanga, wakachukua miundu wakaenda shambani.

Nukta ile haikuwa ya Shevanta. Shevanta alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa na siku za kuhesabu. Kizazi chake kilitolewa miaka minne kabla, katika zahanati ya kulipia iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mbolea, kwa sababu alimwambia daktari kwamba huona maji meupe. Daktari alimpaka mafuta baridi tumboni, akamwonyesha picha ya kijivu kwenye kioo cha mashine, akasema hapo, unaona hapo, pameanza kuoza, pasipotolewa patakuwa kansa. Shevanta hakuona kitu ila kijivu. Nyapara Babruvan ndiye aliyempeleka kwa gari lake, na ndiye aliyemrudisha, akiendesha polepole penye mashimo.

Babruvan alipenda wanawake wasio na siku. Kila mwaka mvua zikiisha alikusanya watu kutoka vijiji vikavu vya wilaya ya Beed, akawapeleka kwenye mashamba ya miwa ya magharibi mpaka mwezi wa tatu, na hakuwahesabu kwa vichwa. Mume na mke walikuwa mundu mmoja. Mume akikata peke yake kwa kuwa mkewe amejikunja kibandani na tumbo, huo ulikuwa nusu mundu, na nusu mundu ilitozwa faini. Katika wanawake kumi na mmoja wa kambi ile, kumi walikuwa wamekwisha kutolewa vizazi. Aliyebaki ni Kusum.

Kiangazi cha pili baada ya upasuaji, Shevanta akiwa kijijini, alikuja muuguzi wa serikali na kamba ya ushanga. Aliwaketisha wanawake kwenye baraza ya shule, akawaambia hesabu huanza siku ya kwanza ya damu. Akasogeza shanga moja moja. Hapa katikati, akasema, utaona ute mweupe unaovutika kama wa yai bichi. Ndiyo dalili kwamba yai la mwanamke liko tayari. Anayetaka mtoto azijue siku hizi, na asiyetaka azijue vilevile. Wanawake walicheka wakijifunika midomo kwa ncha za sari. Shevanta hakuuliza neno mbele za watu. Alimfuata muuguzi mpaka kituo cha basi, akamwuliza kwa sauti ya chini: kama maji hayo yalikuwa yakija kila mwezi, siku tatu hivi, na wiki mbili baadaye ikaja damu, ulikuwa ugonjwa gani. Muuguzi akamwambia hapo hapana ugonjwa, hicho ni kizazi kizima kinachofanya kazi yake. Shevanta akamshukuru, akamshikia mkoba mpaka basi likaja. Kisha akarudi nyumbani akasaga mtama.

Tangu siku hiyo alihesabu siku za Kusum. Kusum alikuwa mke wa Limbaji, mdogo wake Shevanta. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, meno yaliyopishana na mdomo usiotulia. Alikuwa na wavulana wawili, waliobaki kijijini kwa bibi yao, na alichotaka sasa ni binti. Jina alikuwa nalo tayari, Indrayani, na alimtajia kila mtu, hata muuza chumvi. Shevanta alimhesabia ili ajue siku za kumtafuta Indrayani, lakini zaidi ya hapo alihesabu kwa ajili ya lile gari. Babruvan angekuja siku moja kumchukua Kusum, na Shevanta alitaka siku hiyo pawe na karatasi ya kuonyesha kwamba mtoto wa watu ni mzima. Damu aliweka nukta ya unga mwekundu. Ute aliweka nukta nyeupe ya chokaa ya kutafunia tumbaku. Duka la mbegu lilichapa kalenda zake kutoka Diwali mpaka Diwali, kwa hiyo msimu mzima ulienea kwenye karatasi moja.

Siku nne baada ya nukta ile ya Novemba, saa nne asubuhi, muwa ukatoa damu.

Ilikuwa kwenye mstari wa Sarubai, mwanamke mkubwa kuliko wote kambini, ambaye kizazi chake kilikuwa na miaka kumi na minane tangu kitoke. Aliinama, akakata sawasawa na udongo kama inavyotakiwa, na pale penye mkato damu ikatoka, upande wa shina na upande wa muwa. Haikuruka. Ilichuruzika polepole, nyeusinyeusi, kama ya siku ya kwanza. Sarubai aliiangalia, akafuta mundu kwenye majani, akakata wa pili. Nao ukatoa damu. Mumewe, aliyekata bega kwa bega naye, alipata maji ya muwa kama siku zote.

Sarubai akanyoosha mgongo, akauliza leo mwezi ni wa ngapi. Akaambiwa ni mpevu.

"Basi ndiyo," akasema. "Zangu zilikuwa hivihivi, mwezi ukijaa. Nilikuwa nimesahau."

Akainama akaendelea. Wanaume waliokuwa karibu walisogea hatua tatu mbali na mstari wake, kama walivyozoea kusogea tangu wakiwa watoto, na kazi ikaenda. Damu ilidumu siku nne. Siku ya tano miwa ya Sarubai ilitoa maji tu, na mbele kidogo ikaanza ya Mandodari.

Mpaka katikati ya Desemba ilikuwa imewapata wote kumi, kila mmoja kwa siku zake. Ya Shevanta ilianza tarehe kumi na moja. Alikata, akaona, akakata tena. Jioni, wakati wa kuchambua majani ya kuwasha moto, wanawake wakaja mmoja mmoja kwenye kibanda chake, wakachuchumaa mbele ya kalenda, kila mmoja akataka aandikiwe mstari wake. Wengi hawakuwahi kuhesabu hata siku walipokuwa na cha kuhesabu. Shevanta aliwaandikia majina kwa herufi kubwa alizofundishwa darasa la pili, akaacha nafasi kati ya jina na jina.

Januari ilipoanza na miwa ikarudia, wakajijua. Sarubai alikuwa wa siku thelathini. Shevanta mwenyewe alikuwa wa ishirini na sita. Mandodari alihesabiwa mara mbili, na mara zote mbili zikatoka thelathini na tatu.

"Kumbe mimi ni wa thelathini na tatu," Mandodari alisema. "Miaka sita, kabla sijatolewa, kila mwezi mama mkwe ananipikia samli siku tano akidhani nimeshika mimba. Ya sita ananiita mchawi ananinyima hata mboga."

"Na samli ulikula?" Sarubai akauliza.

"Nilikula."

"Basi hukupata hasara."

Wakacheka. Kwa muda wa wiki kadhaa wanawake wa kambi ile walizungumza habari za siku zao kama watu walio nazo. Mmoja alisema mgongo unamuuma kwa kuwa miwa yake iko karibu. Mwingine aliomba asitumwe kuni kesho. Limbaji alisema afadhali kambi ya nyani kuliko hii.

Kabla ya hapo, tarehe ishirini na tatu Desemba, siku ya kumi na tatu ya hesabu yake, Shevanta alikata muwa na mkato ukatoa ute. Ulikuwa mweupe, mwangavu, umejikusanya penye kifundo. Aliweka mundu chini. Akaugusa kwa vidole viwili, akavitenga polepole, ute ukavutika kati yake bila kukatika, urefu wa kidole, kisha zaidi ya kidole. Akabaki hivyo kidogo, amechuchumaa, mkono umeinuka. Dagdu, mumewe, alimwuliza kama amejikata. Akasema hapana. Akapangusa vidole kwenye sari, na ile miwa mingine ya mstari ule akaikata bila kuitazama.

Muwa wa Kusum ulikuwa msafi siku zote. Alipoingia mwezini aliingia yeye mwenyewe, tarehe ishirini na nane Desemba kama kalenda ilivyosema, na miwa yake ikatoa maji matamu.

Kiwandani hapakuwa na tatizo. Karani wa mzani alishusha miwani, akaangalia shehena nyekundu, akaipima. Damu nayo ina uzito. Ndani walikamua, wakatia chokaa, wakapitisha moshi wa salfa kama wanavyofanya kwa miwa yote, na sukari ikatoka nyeupe. Shida ilikuwa kwa Ekoba, mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ekoba alikuwa mtu wa hija, mwenye shanga za mrehani shingoni, asiyekula nyama wala yai wala kitunguu. Hakukataa kupakia miwa iliyo mwezini, ila alisema kila baada ya shehena lazima aoge kabla ya kugusa ng'ombe wake, na maji yalikuwa kwenye mfereji, na mfereji ulifunguliwa mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo mikokoteni ikachelewa. Karani akamtumia Babruvan ujumbe kwamba rangi si hoja, hoja ni saa.

Babruvan alikuja siku ya sikukuu ya jua kurudi kaskazini, tarehe kumi na nne Januari, na mfuko wa vitamu vya ufuta na sukari guru. Aligawa mwenyewe, kimoja kimoja kila kiganja, na kwa kila mtu alisema maneno ya sikukuu: pokea utamu, useme matamu. Nao wakamjibu vivyo hivyo. Alikuwa mtu mnene kidogo, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaketi juu ya tita la miwa akawaeleza alichofikiri.

Alisema ameuliza, ameangalia, na jambo ni dogo. Ng'ombe wa maziwa akimwona ndama wa mwenzake, naye hushusha maziwa. Kambi hii ina kizazi kimoja. Miwa imekiona, inakiiga. Kikitoka hicho, miwa haitakuwa na wa kumwiga. Daktari amekwisha kuambiwa, yuko tayari.

Aliyejibu ni Sarubai, ambaye alikuwa jirani wa mama yake Babruvan.

"Mwanangu, nilikufuta kamasi wewe hujajua kuvaa suruali," akasema. "Akili hii hukuwa nayo. Umeinunua wapi?"

Watu wakacheka, na Babruvan akacheka nao, akampa kitamu cha pili. Kisha akamgeukia Limbaji, kwa kuwa mke alikuwa wake. Limbaji alitazama udongo. Akasema wana wavulana wawili, hawana neno.

"Na Indrayani?" Kusum akauliza.

"Nani?" Limbaji akasema.

Kusum akafunga mdomo. Shevanta alikuwa hajawahi kumwona ameufunga. Shevanta akainuka, akaenda kibandani, akaitungua kalenda, akarudi nayo akasimama mbele ya nyapara. Hakuwa mtu wa kusema mbele za wanaume. Sauti yake ilitoka ndogo, na ikabidi Babruvan ainamishe kichwa amsikie.

Alimwonyesha mstari wa Kusum. Hii nyekundu ni Novemba pili, hii thelathini, hii Desemba ishirini na nane. Siku ishirini na nane, kila mara, haipungui haizidi. Hizi nyeupe za katikati ndizo maji yale ambayo daktari anayaita ugonjwa. Yanakuja siku ya kumi na nne, yanakaa siku tatu, yanaondoka. Ugonjwa hauna tarehe, kaka nyapara. Huyu ni mzima. Kisha akamwonyesha mistari mingine. Angalia Sarubai, angalia Mandodari, angalia mimi. Siku Kusum yumo mwezini, miwa ya nani imo? Hakuna. Kama miwa ingekuwa inamwiga, ingetoka naye. Haimwigi. Kila mmoja na zake.

Babruvan hakuwa mjinga. Aliichukua kalenda mikononi, akaiweka juu ya magoti, akafuata nukta kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, midomo ikihesabu. Aliuliza swali moja au mawili, na yalikuwa maswali mazuri. Aliuliza kama thelathini na tatu ya Mandodari ni ya kuaminika. Aliuliza kama hesabu inaweza kuendelezwa mbele mpaka mwisho wa msimu. Shevanta akasema inaweza. Akamwomba aendeleze. Mtu akaleta chokaa na unga, na Shevanta, akiwa amepiga magoti, akaweka nukta za Februari na Machi za wanawake wote kumi na mmoja. Alidhani anamshinda.

"Kazi nzuri sana hii, dada," Babruvan akasema alipomaliza. "Miaka kumi na tano nahangaika, sikuwa na kitu kama hiki. Sasa Kusum anarudia lini?"

"Tarehe ishirini na tano."

"Basi tutampeleka ishirini na mbili," akasema, "ili asichafuke mezani."

Akaikunja kalenda akaitia kwenye gari.

Tarehe ishirini na mbili Shevanta alimsindikiza, kwa kuwa mwanamke hawezi kwenda peke yake na Limbaji alikuwa na miwa ya kukata. Duka la mbolea lilikuwa limepakwa rangi mpya. Juu, daktari alikuwa yuleyule, amenenepa shingo. Alimpaka Kusum mafuta baridi, akamwonyesha kijivu. Akauliza kama huona maji meupe.

Kusum alikuwa amefundishwa la kusema na alilisema lote, kwa mpangilio, amelala chali na sari imeshushwa mpaka nyonga. Alisema huyaona siku ya kumi na nne, yanavutika kama ute wa yai, ni dalili ya uzima, hayanuki, hayawashi, na wiki mbili baadaye damu huja. Alisema anataka binti.

"Vizuri sana," daktari alisema. "Wagonjwa wangu wengi hawajui hata mwezi uliopita walianza lini." Akaandika kwenye kadi: maji meupe.

"Ni ute wa yai, daktari," Shevanta akasema kutoka mlangoni.

"Dada, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne. Sikumaliza."

Daktari akaitikia kwa kichwa, bila dharau, kama mtu aliyepewa jibu alilohitaji. Akauliza nani atatia sahihi. Kusum alijua kuandika jina lake. Aliliandika kwa mwandiko mzuri, akaiwekea herufi ya mwisho mkia mrefu, kwa sababu kila siku aliiandika hivyo, na mkono haukujua kwamba leo ni siku nyingine.

Shevanta aliketi kwenye benchi la korido. Baada ya saa moja na nusu muuguzi alipita na beseni la bati lililofunikwa gazeti. Shevanta alilisoma gazeti. Lilikuwa la jana.

Babruvan aliwarudisha, akiendesha polepole penye mashimo. Tarehe ishirini na tano Kusum alikuwa amelala kibandani kwenye gunia, na kitambaa alichokuwa amekikunja mara nne kabla ya safari kilikaa kando yake kikavu. Alikitazama mchana kutwa. Jioni akamwambia Shevanta akichukue cha kushikia sufuria.

Tarehe mosi Februari miwa ya Shevanta ilitoa damu. Tarehe mbili ikatoa ya Sarubai. Babruvan alisema kidonda kina siku zake, wapeni muda. Siku ya kumi na tatu baada ya upasuaji Kusum alirudi shambani, akakata akiwa amejifunga tumbo kwa kilemba cha mumewe, kile cheupe, akapumzika kila baada ya miwa kumi. Wanawake walimpa miwa myembamba upande wa chini.

Tarehe ishirini na mbili Februari, siku ishirini na nane baada ya ile ishirini na tano, aliinama asubuhi akakata muwa wa kwanza na muwa ukatoa damu. Nyeusinyeusi, polepole. Kusum akasimama. Sarubai, aliyekuwa mstari wa jirani, akasimama naye, akanyoosha mkono akamwekea juu ya bega, akauondoa, kwa kuwa kulikuwa na miwa.

Babruvan hakukasirika. Alikuja na kalenda, akaonyesha kwamba siku hiyo alikuwa amekwisha kuizungushia kalamu tangu Januari, kwa jambo lolote litakalotokea. Alisema angalau sasa wote wako sawa, hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Kisha akawasomea utaratibu, nao ulikuwa mwepesi. Mwanamke ambaye miwa yake iko mwezini asikate. Siku hizo abebe matita ya wenzake mpaka barabarani, ili Ekoba asiguse damu na mikokoteni iende kwa saa. Na kwa kuwa hakati, siku hizo ataandikwa nusu mundu.

Kwa hiyo wanawake kumi na mmoja wakarudi kutozwa faini za siku zilezile ambazo walitolewa vizazi ili wasitozwe. Sarubai alihesabu kwa vidole, nne kila mwezi, akasema hata zamani hazikuwa nne, zamani alikuwa akilala mbili. Walilizungumza jioni moja. Jioni ya pili walizungumza habari za chumvi.

Wakaizoea. Mwanamke akibeba matita, watu walijua. Ekoba alioga mara moja tu kwa siku, akawa mchangamfu, akaimba nyimbo zake za hija njia nzima mpaka kiwandani. Karani wa mzani alimpelekea Babruvan salamu za pongezi. Kambi jirani zikasikia, na manyapara wawili wakaja kuiangalia kalenda, wakanakili jinsi mistari ilivyopangwa.

Wiki ya kwanza ya Machi, Dnyanoba, mpwa wa Babruvan, alirudi kutoka lango la kiwanda na mke. Dnyanoba alikuwa amekata msimu mzima nusu mundu kwa kuwa hakuwa na mke, na mjomba wake alimwambia mwaka ujao hatamchukua nusu. Wazazi wa binti walikuwa kwenye foleni ya mzani na mkokoteni wao. Wakakubaliana palepale, wakavishana mashada ya maua kati ya shehena mbili, karani akatoka akawatupia mchele, na foleni ikasogea. Binti aliitwa Chhabu. Hakuwa ametimiza miaka kumi na minne. Alivaa bangili za kijani za ndoa mpaka karibu na kiwiko, na kwa kuwa zilikuwa kubwa kwake alizifunga kwa uzi zisianguke.

Babruvan alimwita Shevanta kwenye gari, akamkabidhi kalenda. Akamwambia amwulize yule mtoto siku zake huanza tarehe ngapi, amwandikie mstari, msimu ujao asije akahangaika.

Chhabu alikuwa amechuchumaa nyuma ya vibanda akisugua sufuria kwa majivu. Shevanta akachuchumaa kando yake, akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Bado sijaanza, dada," Chhabu akasema.

Shevanta alirudi akamwambia nyapara. Babruvan akafikiri kidogo, kalamu mdomoni.

"Si neno," akasema. "Andika jina, acha nafasi. Tutangoja."

Shevanta akaitandaza kalenda kwenye boneti la gari, akaandika jina la Chhabu chini ya jina la Kusum. Binti alikuwa amemfuata. Alisimama nyuma yake akipangusa majivu mikononi, akaangalia nukta nyekundu na nyeupe zilivyoshuka karatasi nzima.

"Mnahesabu nini?"

"Siku."

"Za nani?"

"Za miwa," Shevanta akasema.

Chhabu akaitikia kwa kichwa, akauliza mundu wake ni upi.